MGUU WA KUKU KIUNONI: CHAGUA UNAOKAA, SIO UNAOPENDEZA

Kabla hamjaanza kunirushia mawe niseme mapema: mada ya leo ni bastola. Sio za kwenye sinema na wala sio za majambazi. Nazungumzia bastola yenye leseni, ile ambayo mtu mzima anaiweka kiunoni chini ya shati asubuhi na kwenda nayo kwenye shughuli zake bila jirani kujua. Najua huku kwetu ukisema "mguu wa kuku" mgeni anadhani unamwagizia supu, maana Singida na kuku ni damu moja. Leo ni ule mguu mwingine.

Ilikuwaje nikaingia kwenye mada hii? Mjomba wangu ananunua alizeti vijijini: leo Ilongero, kesho Iguguno, wakati mwingine mpaka Ndago, yeye na pikipiki yake na pesa taslimu za wakulima. Baada ya mzunguko mrefu wa ofisi alipata leseni, akanunua bastola. Wiki ya tatu nikaenda kumsalimia, nikaona kiuno kitupu.

"Shikamoo mjomba. Kile kitu kiko wapi?"

"Marahaba. Kiko chini ya mto. Kinanichoma mbavu, mpwa wangu. Nikikaa kinanichoma, nikiinama kinanichoma, nikipanda pikipiki ndio balaa. Wewe unayeshinda kwenye intaneti hebu nitafutie isiyonisumbua."

Chini ya mto! Na pale nyumbani kuna binamu zangu wawili, mmoja darasa la pili, mwingine bado anatambaa. Nilienda kafe siku hiyo hiyo. Nimesoma kwa siku kadhaa, nimeuliza watu wanaojua, na haya ndiyo niliyoyapata. Kubwa kuliko yote ni hili: bastola inayomsumbua mwenyewe haibebwi, na isiyobebwa inaishia chini ya mto, kwenye droo au kwenye dashibodi ya gari. Huko ndiko mtoto anakoikuta, na mwizi pia. Kwa hiyo starehe ya kiuno sio anasa. Ni usalama wa watu wa nyumbani.

KWANZA SHERIA, MAANA HAPA NDIPO WENGI TUNAKWAMA

Tanzania silaha za raia zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Vijana wenzangu mnaotamani, sikieni: umri ni kuanzia miaka 25. Mimi mwenyewe sijafika, kwa hiyo naandika kama mpwa wa mwenye leseni, sio kama mmiliki.

Mwombaji anaanzia chini. Serikali ya mtaa au kijiji inasema inakufahamu vipi, unapanda kata, unafika kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kamati za usalama zinakujadili, na faili linaendelea juu mkoani. Alama za vidole zinachukuliwa. Wanataka kujua kama una akili timamu, kama una rekodi ya uhalifu, na kwa nini hasa unaihitaji. Unatakiwa pia kuonyesha kuwa unajua kuitumia. Mjomba alilalamika sana kuhusu mzunguko huo, lakini ukifikiria vizuri, kila anayeulizwa pale ni mtu anayejua kama wewe ukilewa unapiga watu au unaenda kulala.

Na leseni ni yako wewe na silaha ile ile yenye namba ile ile. Huazimishi shemeji anayesafiri, wala humpi rafiki apige nayo picha ya mtandaoni. Mwaka 2016 polisi waliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, kila mmiliki akatakiwa apeleke silaha na karatasi zake zikaguliwe. Kama unayo ya urithi kutoka kwa marehemu babu, hata liwe gobore la kufukuzia nguruwe pori, usiifiche. Nenda polisi uulize utaratibu.

Kuhusu namna ya kuibeba hadharani, soma masharti yako na umuulize mkuu wa polisi wa wilaya kabla ya kumuuliza muuza duka. Wenzetu wa Afrika Kusini wameliweka wazi kwenye sheria yao ya mwaka 2000: bastola iwe ndani ya mfuko wake au begi lililotengenezwa kwa kazi hiyo, ifunikwe kabisa isionekane, na mwenyewe awe na uwezo wa kuidhibiti muda wote. Hata bila kulazimishwa, hizo ni akili nzuri za kuishi nazo.

BASTOLA NDOGO SIO LAZIMA IWE RAHISI

Kila mtu anayetaka ya kubeba anakimbilia ndogo kuliko zote. Mantiki yake unaielewa: ndogo ni nyepesi, haionekani. Lakini hapa wale waliokuwa wanasinzia kwenye Fizikia ya sekondari waamke kidogo.

Risasi ikienda mbele, bastola inarudi nyuma. Ndio lile teke. Chukua risasi ya kawaida ya milimita 9, kichwa chake gramu 8 hivi, kinatoka kwa kasi ya karibu mita 350 kwa sekunde. Sasa weka bastola mbili za kampuni moja mezani. Glock 19 ikiwa imejaa risasi zake 15 ina uzito wa karibu gramu 850. Glock 43, ile nyembamba iliyotoka 2015, ikiwa na risasi zake 6 ni kama gramu 580. Piga hesabu tuliyofundishwa, hata ukiacha ile hewa ya baruti: kubwa inarudi mkononi kwa kama mita 3.3 kwa sekunde, ndogo kwa mita 4.8. Risasi ni ile ile, teke sio lile lile. Halafu kitako cha ile ndogo ni kifupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani hakina pa kushika.

Matokeo yake mtu ananunua ndogo, anafyatua risasi kumi uwanjani, mkono unauma, harudi tena mazoezini. Mwaka unapita. Huyo ana bastola asiyoijua, na hiyo ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Upande wa pili, kubwa sana ndio ile ya mjomba, inaishia chini ya mto. Kwa hiyo angalia haya:

Unene kwanza, urefu baadaye. Glock 43 ina unene wa takriban sentimita 2.7, Glock 19 karibu 3.4. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo, kwenye mbavu utaijua. Mtutu mrefu kidogo wala hausumbui, unalala ndani ya suruali na unasaidia bastola isipinduke kwa nje. Kinachochomoza chini ya shati na kuchoma mbavu ni kitako. Kwa hiyo ukiwa dukani tazama urefu wa kitako na unene wake, usidanganywe na mtutu.

Mkono wako, sio wa muuza duka. Shika kitako uone kama vidole vitatu vinakaa. Kidole cha shahada kifike kwenye triga bila wewe kuivunja shika yako. Sehemu ya juu inayoteleza uweze kuivuta mwenyewe. Kina mama na wazee, hili msione aibu kulijaribu mara tano. Bastola nyingine ndogo zina springi ngumu kuliko za kubwa.

Rivolva au ya magazini? Rivolva, ile ya silinda inayozunguka, haina mambo mengi na ukiiangalia unaona kama ina risasi. Lakini silinda yake ni nene kama andazi, na nyingi za kubeba zinachukua risasi 5 tu. Ya magazini ni bapa, inachukua zaidi, ila inadai mazoezi zaidi, maana ukitoa magazini risasi moja inaweza kuwa bado iko ndani ya chemba. Hiyo risasi moja "iliyosahaulika" ndiyo chanzo cha misiba mingi ya "nilidhani haina kitu".

Chuma au plastiki? Makarov ya Mrusi ni chuma kitupu, karibu gramu 730 kabla hujaweka risasi zake 8. Za kisasa zenye mwili wa plastiki ngumu zinaweza kuwa kubwa zaidi na bado nyepesi. Uzito ukiwa na mkanda mzuri sio tatizo kubwa. Ukiwa na mkanda wa kichovu hata simu inaivuta suruali.

MFUKO NDIO MWENYE KAZI

Hapa ndipo nilipogundua kosa la mjomba. Alitumia pesa zote kwenye bastola, mfuko akanunua wa kitambaa laini, wa bei ya chee, umelegea kama soksi. Watu wengine hawanunui kabisa, wanachomeka kiunoni kama kwenye filamu.

Sikilizeni kisa cha kweli. Novemba 2008, Plaxico Burress, nyota wa mpira wa miguu wa Kimarekani wa timu ya New York Giants, aliingia klabu ya usiku New York na Glock kiunoni. Hana mfuko, amevaa suruali laini ya mazoezi. Bastola ikateleza kuelekea mguuni, akajaribu kuidaka, ikalia. Risasi ikapita kwenye paja lake mwenyewe. Na kwa kuwa hakuwa na kibali cha New York, mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Jamaa alikuwa ametoka kuchukua ubingwa mapema mwaka huo huo wa 2008, yaani ni yeye aliyedaka mpira wa ushindi. Kazi, jina, pesa, vyote viliyumba kwa kukosa mfuko.

Mfuko mzuri unapita mitihani minne. Ifanye nyumbani, bastola ikiwa TUPU, umekagua chemba mara mbili, na risasi ziko chumba kingine:

1. Triga imefunikwa yote. Usiweze kuipapasa hata kwa nje ya mfuko. Mfuko laini haufai kwa sababu hii: unaweza kubonyeza triga kupitia kitambaa.

2. Pindua mfuko chini juu, utikise. Bastola isidondoke.

3. Toa bastola. Mdomo wa mfuko ubaki wazi, usijifunge. Ukijifunga utakuwa unaurudisha mtutu huku unajisukumia kwenye tumbo lako.

4. Chomoa bastola haraka. Mfuko ubaki kwenye mkanda. Usije ukatoka na mfuko wenyewe mkononi kama umeshika kandambili.

Na uwe wa bastola hiyo hiyo, sio "unaingia zote". Kuna wa ngozi, unazoea mwili na hauna kelele, ila ukilowa jasho miaka kwa miaka unalainika na mdomo unaanza kujikunja. Huo ukifikia hapo utupe. Kuna wa plastiki ngumu iliyochemshwa na kufinyangwa kwa umbo la bastola, hauharibiki kwa jasho na unashika vizuri, ila mwanzoni unakuchoma ngozi, vaa fulana ndani.

Halafu mkanda. Huu wa mtumba uliochoka unaoupata mnadani hautoshi. Unatakiwa mkanda mgumu, mpana, usiojipinda uzito ukikaa upande mmoja. Mtu mmoja aliyefanya kazi ya ulinzi miaka mingi aliniambia, "Mdogo wangu, mwenye bastola ya laki kadhaa na mkanda wa buku tano, huyo hajanunua bastola." Nilicheka lakini ndio ukweli wenyewe.

IKAE WAPI MWILINI?

Pembeni, nyuma kidogo ya nyonga ya mkono unaotumia. Hapa ndipo pazuri kwa wengi. Shati la kuachia nje linafunika, ukikaa kwenye kiti haikuchomi tumbo. Ubaya wake ukiinama kuchukua gunia kitako kinachora alama kwenye shati. Jifunze kuchuchumaa badala ya kuinama.

Mbele, karibu na kitovu. Inafichika vizuri na unaiona muda wote. Lakini mwenye kitambi ataumia, na kwenye pikipiki ukikunja mwili ndio inachimba. Pia fikiria mtutu unatazama wapi. Sisemi zaidi.

Mgongoni katikati. Kwenye sinema inapendeza. Kwa mtu wa pikipiki sishauri hata kidogo. Barabara zetu za vumbi na mchanga kuanguka ni kawaida, na ukiangukia mgongo huku kuna chuma kwenye uti wa mgongo, utajuta. Isitoshe mtu aliye nyuma yako kwenye foleni ndiye aliye karibu nayo kuliko wewe.

Kifundo cha mguu. Ndogo tu, na mchanga wote wa njia unaingia humo.

Kwapani na mikanda ya mabega. Inataka koti muda wote. Kipindi cha baridi na upepo wa Singida sawa, mwezi wa kumi utaeleza kwa nini umevaa koti juani.

Pochi au begi. Dada zangu, hii inaonekana rahisi maana khanga na gauni havina mkanda. Lakini pochi ndiyo kitu cha kwanza mwizi wa pikipiki anachokikwapua, na ndiyo kitu cha kwanza mtoto anachokifungua akitafuta pipi. Kama lazima, iwe na chumba chake peke yake chenye mfuko mgumu ndani, na pochi isitoke mwilini. Ukiitua chini tayari huibebi tena.

Popote utakapoiweka, usiishike shike mbele za watu. Mtu anayejirekebisha kiuno kila dakika mbili anatangaza. Ukiona unafanya hivyo, jua mfuko au mkanda ni mbovu.

Fanya jaribio la wiki moja nyumbani ikiwa TUPU. Kaa, kula, chuchumaa, panda pikipiki uani. Siku mbili za kwanza utaona kama una jipu. Siku ya nne kama bado inachoma pale pale, sogeza sentimita mbili au badili urefu wa kibanio cha mfuko. Mabadiliko madogo yanaleta tofauti kubwa. Na ukirudi jioni futa jasho na vumbi, maana jasho lina chumvi na chumvi ni kutu.

KICHWA NACHO KINABEBA

Sasa hili sio la kiuno. Wakubwa wanakumbuka Novemba 2006. Ditopile Mzuzuri, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Tabora, alikamatwa baada ya dereva wa daladala kufa kwa risasi Dar es Salaam, kwenye mzozo wa barabarani. Alishtakiwa kwa mauaji, baadaye shitaka likageuzwa kuwa kuua bila kukusudia, akapata dhamana. Aprili 2008 akafariki kabla kesi haijafika mwisho, kwa hiyo mahakama haikuwahi kutoa hukumu na mimi sitoi. Ninachojua ni kwamba asubuhi ya siku ile hakuna familia kati ya zile mbili iliyojua jioni itakuwaje, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa magari.

Ukiwa na bastola kiunoni umepoteza haki ya kugombana. Aliyekuchomekea barabarani mpishe. Anayekutukana baa, ondoka, na kwanza baa na bastola haviendi pamoja hata kwa bia moja. Ile ni kwa ajili ya siku ambayo huna njia nyingine ya kubaki hai, sio ya kutishia, sio ya kulinda heshima. Kama unajijua una hasira za karibu, usiombe leseni. Sio aibu.

Na kuna swali ambalo nilimuuliza mjomba mpaka akanyamaza: unabeba bastola kwa sababu unabeba pesa, je lazima ubebe pesa? Tangu M-Pesa ianze nchini 2008 mambo yamebadilika. Wakulima wengi wana simu. Mjomba alikuwa amezoea tu.

MWISHO WA MJOMBA

Hakununua bastola nyingine. Alinunua mkanda mgumu na mfuko wa ngozi nene wa saizi yake, akausogeza nyuma kidogo ya nyonga, na malalamiko ya mbavu yakaisha. Nusu ya wakulima wake sasa anawalipa kwa simu. Siku anazoenda bila pesa haibebi, inabaki ndani ya sefu ndogo aliyoifunga kwa boliti ukutani, risasi zimefungiwa mbali, na ufunguo anatembea nao. Sefu ilimgharimu, alinuna wiki nzima.

Juzi nimeenda kuwasalimia. Yule mdogo hatambai tena, anatembea, anapanda kitanda mwenyewe na kuvuta mito yote chini. Mjomba akanitazama, mimi nikamtazama. Hatukusema kitu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mwenye uzoefu wa kubeba, au aliyewahi kuikuta ya baba yake chini ya mto, atuandikie hapo chini. Matusi hapana, na ukiuliza pa kupata isiyo na leseni nakufuta bila kukujibu.